Katika Mpira wa Vyuo Vidogo vya Marekani, Mchezaji Ndiye Anayelipa

Mnamo Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini Marekani. Kwa makubaliano hayo, vyuo vya Daraja la Kwanza vilivyoyaridhia vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza, na karibu dola bilioni 2.8 zikatengwa kuwafidia waliocheza miaka ya nyuma. Tangu hapo, kila anayesikitika kuona mpira wa Kimarekani ukigeuka biashara amepata kimbilio: vyuo vidogo vya Daraja la Tatu, ambako ni marufuku kumpa kijana ufadhili wa masomo kwa sababu ya uchezaji wake, na ambako ubingwa wa taifa, tunaambiwa, hupiganiwa kwa mapenzi ya mchezo peke yake.

Naona sifa hiyo imejengwa juu ya kosa, na kosa lenyewe lina madhara kwa maelfu ya vijana. Vyuo vidogo havichezi mbali na fedha. Katika vingi vyake fedha ndiyo sababu timu ipo, na kinachobadilika ni njia zinakopita: huko juu chuo kinamlipa mchezaji, huku chini mchezaji anakilipa chuo. Mtu asipoliona hilo hawezi kuelewa kwa nini chuo chenye wanafunzi elfu moja kina kikosi cha wachezaji 150, kwa nini vyuo vinaendelea kuanzisha timu mpya katika kipindi ambacho vyuo vidogo vinafungwa, wala kwa nini mechi ya ubingwa huchezwa na vyuo vilevile mwaka baada ya mwaka.

Daraja la Tatu lilianzishwa mwaka 1973, NCAA ilipogawanya wanachama wake katika madaraja matatu. Leo ndilo kubwa kuliko yote: lina vyuo zaidi ya 430 na wanamichezo karibu 200,000, na vyuo vipatavyo 240 kati ya hivyo vina timu ya mpira wa Kimarekani. Pamoja na wingi huo, katiba ya NCAA inalipatia daraja hili asilimia 3.18 tu ya mapato yake, na fungu hilo hutumika zaidi kugharamia mashindano ya ubingwa. Msimu huanza Septemba kwa mechi 10, kisha bora wao huingia katika mtoano ambao tangu 2024 una timu 40, kutoka 32 za awali. Fainali yake inaitwa Stagg Bowl, kwa jina la Amos Alonzo Stagg, kocha aliyeongoza timu ya Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia 1892 hadi 1932. Ya kwanza ilichezwa mwaka 1973 mjini Phenix City, Alabama, Wittenberg ikaifunga Juniata 41–0. Na kuanzia 1993 hadi 2017 fainali hiyo ilikuwa na makao yake katika mji mdogo wa Salem, Virginia.

Msimu wa 2024 ulitosha kumvutia hata mtu asiyeujua mchezo huu. North Central, chuo cha mji wa Naperville katika jimbo la Illinois, kilikuwa kimepoteza fainali ya mwaka uliotangulia kwa namna ya kuumiza: kiliifikia Cortland ya New York mwishoni kabisa, kikabaki nyuma kwa pointi 1, kikachagua kutafuta pointi 2 za ushindi badala ya 1 ya sare, kikazuiwa, na mechi ikaisha 38–37. Januari 5, 2025, katika uwanja wa Humble, Texas, vijana hao walirudi na kuifunga Mount Union ya Ohio 41–25, wakamaliza msimu wakiwa wameshinda mechi zote 15. Luke Lehnen, aliyekuwa akiongoza mashambulizi yao, ndiye aliyetwaa tuzo ya Gagliardi, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa mchezaji wa daraja hili. Ule ulikuwa ubingwa wa tatu wa chuo hicho, baada ya 2019 na 2022, na fainali yao ya tano mfululizo ukiruka 2020, mwaka ambao mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona. Ni mafanikio ya kweli, yaliyopatikana kwa jasho, na hakuna ninachotaka kuyapunguzia.

Lakini tazama orodha ya mabingwa. Mount Union ina mataji 13, yote kati ya 1993 na 2017. Wisconsin-Whitewater ina 6. Katika miaka 10 kuanzia 2005 hadi 2014, timu hizo mbili zilikutana fainali mara 9. Larry Kehres, aliyeifundisha Mount Union kuanzia 1986 hadi 2012, alishinda mechi 332 na kupoteza 24. Matokeo ya namna hii hayatokani na mapenzi ya mchezo, kwa sababu mapenzi yapo kila chuo. Yanatokana na mtandao wa usajili uliojengwa kwa miongo, viwanja na vyumba vya mazoezi vya gharama, makocha wanaolipwa vizuri kuliko wenzao, na jina linalomfanya kijana wa miaka 17 akubali kulipa ada hapo badala ya pengine. Nick Sirianni, aliyeiongoza Philadelphia Eagles, timu ya NFL, ligi ya kulipwa, kutwaa ubingwa wa Super Bowl Februari 2025, alitoka Mount Union. Na chuo kinachoweza kumtaja kocha wa namna hiyo kama mhitimu wake kina silaha ya usajili ambayo jirani yake hana.

Sheria za daraja hili zinalindwa kwa ukali, na ukali huo ndio unaowashawishi wengi kwamba fedha hazimo. Kisa cha Mary Hardin-Baylor kinafaa kukumbukwa. Chuo hicho cha Texas kilitwaa ubingwa wa 2016, kisha mwaka 2019 NCAA ikakinyang'anya kwa sababu kocha wake, Pete Fredenberg, alikuwa amemwazima mchezaji gari lake, Subaru ya mwaka 2006. Kwa mujibu wa kanuni hilo ni kosa, kwa kuwa mwanafunzi wa kawaida asingepewa gari hilo. Sasa weka adhabu hiyo kando ya kinachoruhusiwa bila swali: chuo cha daraja hilohilo kinaweza kumwandikia kijana barua, kumtembelea nyumbani, kumwahidi nafasi katika timu, kumpokea pamoja na wenzake 60 wa mwaka wa kwanza, na kumwacha achukue mikopo ya masomo kwa miaka minne, huku akicheza mechi chache sana au asicheze kabisa. Kanuni inachunga kwa makini kisimfikie mchezaji kitu chochote. Kuhusu kinachotoka kwake kwenda chuoni, haisemi neno.

Hapa ndipo hesabu inapoanza, na inastahili kufuatwa polepole. Tuseme chuo binafsi kinatangaza ada ya dola 45,000. Hakuna anayelipa kiasi hicho. Vyuo binafsi visivyo vya faida hupunguza kwa wastani zaidi ya nusu ya ada kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa jina la ufadhili wa kitaaluma au wa mahitaji. Tuseme basi kwamba baada ya punguzo, na ukijumlisha malazi na chakula, kila mwanafunzi anakiingizia chuo dola 20,000 halisi. Wachezaji 120 wataingiza dola milioni 2.4 kwa mwaka. Hata kama kuendesha timu, pamoja na makocha, vifaa, mabasi na matabibu, kutagharimu dola milioni 1, na hata ukikubali kwamba baadhi ya vijana hao wangejiunga na chuo bila timu, bado mkurugenzi wa fedha anaona faida ambayo asingeipata kwa kufungua idara ya falsafa. Isitoshe, vyuo vya Marekani vina wanawake wengi kuliko wanaume kwa tofauti kubwa, na hakuna mchezo mwingine unaoleta wanaume 100 kwa mkupuo. Namba hizo ni za mfano, ila namna ya kufikiri ni ya kweli: kocha wa chuo kidogo mara nyingi hupimwa kwa idadi ya wanafunzi aliowasajili sawa na anavyopimwa kwa ushindi, na wengi wao hulisema hilo wazi.

Shinikizo hili halitapungua. WICHE, tume ya elimu ya juu ya majimbo ya magharibi, ilikadiria mwishoni mwa 2024 kwamba idadi ya wanaohitimu sekondari Marekani ingefika kilele mwaka 2025, kwa zaidi ya wahitimu milioni 3.9, kisha ishuke kwa takriban asilimia 13 ifikapo 2041. Chuo kinachoishi kwa ada kinasoma makadirio hayo kama taarifa ya msiba, na baadhi vimejibu kwa mpira. Calvin ya Michigan ilicheza msimu wake wa kwanza mwaka 2024. Roanoke, kilichopo mjini Salem, pale pale palipochezwa fainali kwa robo karne, kimerudisha mchezo huo kwa ushindani kamili mwaka 2025 baada ya zaidi ya miaka 80.

Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, unapatikana kwa matajiri. Vyuo vya umoja wa NESCAC huko New England, kama Williams, Amherst na Trinity, navyo ni vya Daraja la Tatu. Vina hazina kubwa na vinakataa waombaji wengi kuliko vinavyowapokea. Kwa miaka mingi vyuo hivyo vimejiwekea kikomo cha wachezaji 75 kwa timu, vimecheza mechi chache kuliko wengine, na kwa miongo vilikataa kabisa kuingia katika mtoano wa taifa. Swarthmore ya Pennsylvania, chuo tajiri pia, ilifuta timu yake Desemba 2000, na moja ya hoja kuu ilikuwa kwamba wachezaji wanachukua nafasi nyingi mno katika udahili wa chuo kidogo. Chuo Kikuu cha Chicago, nyumbani kwa Stagg mwenyewe, kiliuacha mchezo mwaka 1939 miaka michache tu baada ya Jay Berwanger wake kuwa mshindi wa kwanza wa tuzo ya mchezaji bora wa mpira wa vyuo, ambayo baadaye iliitwa Heisman. Kiliurudisha mwaka 1969, na leo kinacheza katika Daraja la Tatu bila makelele. Chuo ambacho kila kiti kinagombewa huona mchezaji wa 76 kama gharama. Chuo chenye vitanda vitupu bwenini humwona mchezaji wa 150 kama mapato. Mchezo ni uleule na kanuni ni zilezile, lakini ukubwa wa kikosi unapangwa na hali ya hazina.

Wapo wanaoutetea mfumo huu kwa hoja nzito, nami sitaki kuzipita juu juu. Wanasema kijana anajua anachofanya. Anajua hatacheza NFL, ingawa wachache hufika, kama Ali Marpet wa Hobart mwaka 2015 na Quinn Meinerz wa Whitewater baada yake. Anataka miaka minne zaidi ya mchezo anaoupenda, anapata nidhamu, marafiki wa maisha, na shahada ambayo pengine asingeifuata kama si timu. Vijana wengi wa miji midogo na wa familia ambazo hakuna aliyewahi kufika chuoni wamevutwa masomoni na kocha, si na mwalimu wala tovuti. Hoja hii ni ya kweli na ninaikubali. Inaongezewa nguvu na ukweli kwamba si kila bingwa anaishi kwa ada kubwa: Whitewater na Cortland ni vyuo vya umma, vyenye ada nafuu, na wanafunzi wao maelfu kadhaa wasingetoweka timu ikifutwa. Mkataba ambao mmoja analipa na mwingine anafundisha si dhuluma kwa sababu tu ndani yake mna fedha.

Kinachoshindwa kusimama ni madai mawili mengine. La kwanza ni kwamba pasipokuwa na ufadhili wa michezo hapana maslahi. Hilo linachanganya kanuni inayomfunga mchezaji na hali ya chuo. Na hata upande wa mchezaji limepitwa na wakati, kwa kuwa tangu Julai 2021 wachezaji wa Daraja la Tatu nao wanaruhusiwa kupata fedha kwa kutumia jina na sura yao katika matangazo, japo ni wachache wanaopata cha maana. Dai la pili, lililo dhaifu zaidi, ni kwamba mpira huokoa vyuo. Utafiti wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia uliochapishwa 2024 uligundua kwamba vyuo vilivyoanzisha timu hupata ongezeko la wanafunzi mwanzoni, kisha ongezeko hilo hufifia, na baada ya miaka michache ni vigumu kuvitofautisha na vyuo vinavyofanana navyo visivyo na timu. Sababu yake inaeleweka: vijana wengi wa mwaka wa kwanza huondoka wanapoona hawatacheza, na kocha analazimika kusajili tena idadi ileile kila mwaka ili tu abaki alipokuwa.

Makaburi ya vyuo yanathibitisha. MacMurray ya Illinois, iliyoanzishwa 1846, ilikuwa na timu hadi ilipofungwa mwaka 2020. Finlandia ya Michigan iliongeza mpira katika muongo wa 2010 na ikafungwa mwaka 2023. Iowa Wesleyan, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 180, ndiko Hal Mumme na Mike Leach walikoanza kujenga, mwishoni mwa miaka ya 1980, mfumo wa kushambulia kwa pasi nyingi ulioubadilisha mchezo huu Marekani nzima hadi kwenye ligi ya kulipwa; nayo ilifungwa mwaka 2023. Kisa kinachouma kuliko vyote ni Birmingham-Southern ya Alabama. Chuo hicho kilishuka kutoka Daraja la Kwanza katikati ya miaka ya 2000, na mwaka 2007 kikaurudisha mpira wa Kimarekani kwa matumaini ya kuongeza wanafunzi. Kilifunga milango Mei 31, 2024, siku ambayo timu yake ya besiboli ilikuwa inacheza mashindano ya ubingwa wa taifa kwa jina la chuo ambacho hakikuwapo tena.

Mtu akilishika hili la mapato, hata matukio yanayoonekana ya ajabu yanaeleweka. Oktoba 2017, St. Thomas ya Minnesota iliifunga St. Olaf 97–0. Miaka miwili baadaye, vyuo vya umoja wao wa MIAC viliiondoa St. Thomas, mwanachama mwanzilishi, kwa maelezo ya kulinda usawa wa ushindani, na chuo hicho kikarukia Daraja la Kwanza moja kwa moja mwaka 2021. Wengi waliita uamuzi ule woga. Mimi nauona kama kujilinda kwa vyuo ambavyo haviwezi kumudu kupoteza mvuto wa timu zao kwa wasajiliwa, kwa sababu timu inayofungwa 97 haiwezi kujaza darasa la mwaka ujao. Umoja wa namna hii ni soko la wanafunzi kwa kiasi kilekile ambacho ni ligi, na chuo kimoja kikikua kupita wenzake kinaharibu vyote viwili.

Linalofuata kutoka hapa ni suala la wajibu. Daraja la Kwanza limelazimishwa na mahakama kukiri kwamba mchezaji anazalisha, na makubaliano ya House yamekuja na kikomo cha wachezaji 105 kwa timu za mpira. Daraja la Tatu halina kikomo cha taifa kinachofanana na hicho, na halijalazimishwa kukiri chochote. Kama kijana ni chanzo cha mapato, basi chuo kinawajibika kwake zaidi kuliko kinavyowajibika kwa mwanachama wa klabu ya kujifurahisha: kuwe na matabibu wa kutosha kwa kikosi cha watu 150, uangalizi makini wa majeraha ya kichwa, na bima ambayo haianzi kwa kuitegemea ya wazazi, kama ilivyo katika vyuo vingi. NCAA imepiga hatua moja nzuri: tangu Agosti 2024 kuna bima inayowahudumia wachezaji wa madaraja yote, kwa majeraha waliyoyapata mchezoni, hadi miaka miwili baada ya kuacha kucheza. Haitoshi, lakini ni mwanzo wa kukubali kwamba mwili wa mchezaji wa Naperville na wa Alliance, mji wa Mount Union, unaumia sawasawa na wa Chuo Kikuu cha Alabama kilicho Daraja la Kwanza.

Wajibu wa pili ni uwazi. Sheria ya shirikisho inavitaka vyuo vitangaze kila mwaka idadi ya wachezaji na matumizi ya kila mchezo, lakini haviulizwi ni wangapi kati ya waliosajiliwa mwaka wa kwanza wamebaki katika timu, au hata chuoni, ifikapo mwaka wa nne. Takwimu za NCAA yenyewe zinaonyesha kwamba wachezaji wa mpira wa Kimarekani katika daraja hili huhitimu kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wa michezo mingi. Namba ya chuo kimoja kimoja ndiyo inayohitajika, na chama cha vyuo kinachojisifu kwamba kinatanguliza masomo hakina sababu ya kuificha.

Jambo hili linazigusa moja kwa moja familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, zikiwemo nyingi zilizotoka Kongo na kuishi katika majimbo kama Ohio, Iowa na Kentucky, ambako vyuo vya aina hii ni vingi na kocha hachelewi kumwona kijana mrefu mwenye mbio. Barua inapofika nyumbani na kutaja punguzo la dola 25,000 kwa mwaka, ni rahisi mzazi kuamini kwamba mwanawe amepata ufadhili wa mpira. Hajapata, maana katika Daraja la Tatu haupo. Amepata punguzo ambalo karibu kila mwanafunzi wa chuo hicho hupata, na kinachobaki kitalipwa kwa mkopo. Anachopaswa kuuliza mzazi huyo ni kiasi halisi kitakacholipwa mwaka wa kwanza na mwaka wa nne, punguzo litabaki au litaondoka mwanawe akiacha kucheza, ni wangapi kati ya waliosajiliwa miaka minne iliyopita walihitimu, na nani atagharamia goti likivunjika Oktoba. Kocha anayesajili vijana 60 kila mwaka anajua majibu hayo au anajua yanakopatikana, na mzazi ana haki ya kuyapata kwa maandishi kabla ya kutia saini mkopo wowote.